Muulize Bwana Afya: Ndimu, Dania na Maji ya Mto

Mwezi uliopita nilisema kwenye ukurasa huu kwamba kachumbari ya nyumbani naila, na ya kando ya barabara naipita. Wauzaji wamenikasirikia, wasomaji wengine wameuliza maswali ya maana, nami nimechagua machache. Wanaoniita daktari waache. Nilikuwa bwana afya: kazi yangu ilikuwa vyoo, masoko, machinjio na jikoni za hoteli, na sasa nimestaafu hapa Kisumu.

*Mzee, mimi nauza smoki (zile soseji ndogo) na mayai ya kuchemsha kwa toroli, Kondele. Kachumbari yangu naitia ndimu nyingi na pilipili, na kila mtu anajua ndimu inaua viini. Sijawahi kuona mteja akirudi kulalamika. Kwa nini unatuharibia kazi?*
Muuza smoki, Kondele

Kijana wangu, kazi yako naiheshimu, na mayai yako ningeyala hata leo, mradi niyaambue mwenyewe. Tuzungumze kuhusu hiyo ndimu.

Kuna kiini kimoja kinachochukia uchachu kwelikweli, nacho ni cha kipindupindu. Hapo una haki kidogo. Lakini vya homa ya matumbo, yaani taifodi, na vya kuhara damu vinaweza kuvumilia uchachu ambao mteja wako bado ataufurahia, na mayai ya minyoo hayaijui ndimu kabisa. Ukitaka kachumbari iwe chachu kiasi cha kuua kila kitu, hakuna atakayeinunua. Pilipili nayo inamchoma mteja ulimi, basi.

Na huyo mteja asiyerudi kulalamika si shahidi wako. Homa ya matumbo mara nyingi hukaa mwilini wiki moja hadi mbili kabla ya kumwangusha mtu. Minyoo ya duara huchukua miezi miwili au mitatu kukomaa tumboni. Mtu aliyekula kwako Jumatatu atakuwa kitandani wiki inayofuata akilaumu maji ya kazini au githeri ya shemeji. (Hapa niseme jambo linaloniudhi: nusu ya mji huu inaamini ina taifodi kwa sababu ya kipimo cha damu cha haraka kilichofanywa dukani. Kipimo kile hukosea mara nyingi. Homa ni homa tu hadi hospitali ithibitishe ni ya nini.)

Nikisimama kwenye toroli yako siangalii ndimu. Nauliza nyanya umeziosha kwa maji gani, na umezikata saa ngapi. Nyanya nzima ina ganda, na ganda ni ukuta. Ukishaikata, ndani mna maji, chakula, na joto la Kisumu la saa nane mchana ambalo linakaribia nyuzi 30. Vijidudu vikipata raha ya namna hiyo vinaweza kuongezeka maradufu kila nusu saa, au hata upesi zaidi. Kopo ulilojaza saa tatu asubuhi, likakaa wazi juani karibu na moshi wa matatu hadi saa kumi na moja, kwangu mimi si kachumbari tena. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kilichokatwa kibichi nacho hakistahili muda mrefu kuliko huo.

Kwa hivyo usiache kuuza kachumbari. Beba nyanya nzima zilizooshwa nyumbani kwa maji yaliyotiwa dawa, na uzikate kidogo kidogo kadiri wateja wanavyokuja. Kopo liwe na kifuniko na kijiko chenye mpini mrefu. Mkono unaopokea noti usiguse chakula. Siku hizi wateja wengi wanalipa kwa simu, huo ni msaada mkubwa kwako kuliko ndimu. Kikibaki jioni, kimwage, usikichanganye na cha kesho. Na cheti chako cha kupimwa afya, kile kinachofanywa upya kila miezi sita, ukitundike mahali tukione. Mtu anaweza kubeba viini vya homa ya matumbo miaka mingi bila kuugua siku hata moja.

*Bwana Afya, nina kipande cha shamba karibu na mto Auji. Nalima sukuma wiki, mchicha na dania, na nanyunyizia kwa maji ya mto kwa sababu ya mfereji ni ghali. Nikiziosha vizuri kabla ya kuzipeleka soko la Kibuye, kuna shida?*
Mama wa Nyalenda

Mama, swali lako ndilo lililonifanya nikae chini niandike, kwa sababu wakulima wengi hulikwepa.

Auji unapita mitaa ya Manyatta na Nyalenda kabla ya kufika ziwani. Unajua vizuri kuliko mimi kinachomiminwa humo usiku mvua inaponyesha na vyoo vya shimo vinapojaa. Kwa ajili ya mboga unazosema, hata hivyo, shida hailingani. Sukuma wiki na mchicha vinaenda sufuriani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 kuhusu kulima kwa maji taka unakadiria kwamba kuosha kwa maji safi hupunguza vijidudu kama mara kumi, kumenya kama mara mia, na kupika hupunguza kwa mamilioni. Mara kumi inasikika nyingi, lakini kama jani lilikuwa na vijidudu elfu kumi, limebaki na elfu moja. Sufuria haina mpinzani.

Adui yako ni dania. Fikiria inavyotumika. Mtu amepika samaki wake vizuri, ameua kila kitu, ameshazima moto, kisha anachukua dania, anaikatakata na kuinyunyiza juu. Ndiyo kiungo kibichi kinacholiwa na hata wale wanaoapa kwamba hawali mboga mbichi. Majani yake ni madogo, yamejikunja, yanashika matope shinani, na huwezi kuyamenya.

Kwa hivyo badilisha mpango wa shamba badala ya kutegemea kuosha. Maji ya mto yapeleke kwenye sukuma, mchicha, kunde na managu. Dania, na vitunguu vya majani kama unalima, ipe maji ya mvua uliyokinga au mitungi michache ya maji ya mfereji. Kitalu cha dania ni kidogo, hakinywi sana. Mimina chini kwenye udongo, usiioshe majani kwa ile ndoo ya matundu. Na ukiweza, acha kumwagilia maji ya mto siku kadhaa kabla ya kuvuna. Jua na ukavu hupunguza bakteria kila siku inayopita. Mayai ya minyoo hayajali jua la siku mbili tatu, ndiyo maana nasema dania isiguse maji hayo kabisa.

Halafu kuna tabia ya kuzitia mboga mtoni njiani kwenda sokoni ili zing'ae, na ile ya kuzinyunyizia maji ya ndoo moja mchana kutwa ili zisinyauke. Nimekagua masoko miaka mingi, na mara nyingi maji ya ile ndoo yalikuwa machafu kuliko mboga zenyewe. Mboga kavu yenye vumbi ni salama kuliko mboga inayometa kwa maji ya Auji.

Wenye umri wangu hawajasahau kipindupindu cha wakati wa mvua za El Niño. Kati ya Juni 1997 na Machi 1998 waliolazwa hospitalini katika Mkoa wa Nyanza walizidi 14,000. Watafiti waliochunguza ule mlipuko magharibi mwa Kenya walikuta waliougua zaidi ni wale waliokunywa maji ya ziwa au ya vijito, waliokula pamoja na mtu anayehara, na waliohudhuria karamu za matanga. Matangani watu ni wengi, maji ni machache, na kachumbari hukatwa na kila shangazi aliyefika na kisu chake. Siku hizi nikiitwa matangani nakula ugali na nyama ikiwa moto.

*Asalaam aleikum. Sisi ni Waislamu hapa Busia na nguruwe hatumjui mezani. Binti yangu wa miaka 14 ameanza kuanguka kifafa. Hospitalini waliuliza kama tunaishi karibu na nguruwe, wakataja minyoo ya kichwani. Nilikasirika. Jirani anasema inaweza kutoka kwa mboga. Ni kweli?*
Mama wa Busia

Waaleikum salaam, mama, na pole sana. Hospitali haikukutukana. Na jirani yako, kwa mara moja, amesema kitu cha kweli.

Tegu la nguruwe, ndiyo hiyo minyoo waliyoitaja, lina njia mbili, na watu wengi wanaijua moja tu. Ya kwanza: mtu anakula nyama ya nguruwe isiyoiva, yenye vifuko vya mnyoo, naye anapata tegu refu tumboni. Huyo huenda asihisi chochote. Njia ya pili ndiyo yako. Huyo mwenye tegu anatoa mayai katika choo chake kikubwa. Akienda haja vichakani, au asiponawa mikono, mayai yanafika kwenye udongo, kwenye maji na kwenye majani ya mboga. Mtu mwingine akiyameza, hayatoi tegu tumboni. Yanapasuka, vijidudu vinasafiri kwa damu na kutengeneza vifuko kwenye misuli, na wakati mwingine kwenye ubongo. Vya ubongoni ndivyo vinavyoleta kifafa. Kwa hiyo mtu anaweza kuugua bila nguruwe kugusa sahani yake hata siku moja. Mwaka 1990 na 1991 huko New York waligunduliwa watu wanne wa jamii ya Kiyahudi inayoshika dini sana, wasiokula nguruwe asilani, wote na ugonjwa huu ubongoni. Uchunguzi ulielekea kwa wafanyakazi wa nyumbani waliokuwa wametoka nchi zenye tegu, ambao ndio waliokuwa wakiandaa chakula.

Shirika la Afya Duniani linasema katika maeneo mengi ambako watu wanaishi na nguruwe wanaozurura, tegu hili linachangia kama asilimia 30 ya kifafa. Upande wetu wa magharibi, Busia ikiwemo, ni miongoni mwa maeneo hayo. Ila usimchukie nguruwe wa jirani kwa sababu isiyo yake: kinyesi chake ni uchafu, lakini mayai haya hutoka kwa binadamu. Nguruwe huyapata akila kinyesi cha mtu, na ndiyo maana choo kilichofungwa vizuri na nguruwe aliyefungwa zizini ni dawa kubwa kuliko sabuni yote ya dunia.

Kuhusu binti. Sijui kama kifafa chake kimetokana na hilo. Vifafa vina sababu nyingi, na picha ya kichwa ndiyo itakayosema. Nakuomba mambo mawili. Dawa za kifafa alizopewa asiziache hata akikaa muda bila kuanguka. Na usimnunulie dawa ya tegu dukani kwa kubahatisha. Vifuko vikifa kwa ghafla ndani ya ubongo, ubongo huvimba, ndiyo sababu madaktari huitoa kwa uangalifu pamoja na dawa za kutuliza uvimbe. Wanaokuambia ni mapepo wasikucheleweshe.

Jikoni kwako, mboga zinazopikwa hazina neno. Moto unayaua mayai. Angalia vile watoto wanavyokula nje ya jiko: karoti iliyong'olewa na kufutwa kwenye sketi, muhogo mbichi njiani kutoka shule, embe lililoanguka chini, nyanya ya shambani. Hivyo vioshwe kwa kusugua chini ya maji yanayotiririka, na vinavyomenyeka vimenywe. Mikono kwa sabuni, kucha fupi.

*Mimi ni mwanafunzi, Njoro. Nimeanza kunywa juisi ya sukuma wiki mbichi kila asubuhi na kula ndengu zilizooteshwa. Marafiki wananitisha. Nani ana haki?*
Mwanafunzi, Nakuru

Kwa juisi, una nusu ya haki. Vitamini C hupotea motoni, hivyo jani bichi linakupa zaidi. Lakini ile rangi inayoupa mwili vitamini A hufyonzwa vizuri zaidi jani likipikwa na mafuta kidogo, kama mama yako anavyofanya. Kama huwezi kuiacha, chagua majani machanga, osha jani moja moja pande zote kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na unywe papo hapo. Usiweke chupa begini ukainywe saa sita.

Ndengu zilizooteshwa ni habari nyingine. Mbegu inaota kwenye unyevu na joto, siku mbili tatu, na hayo ndiyo mazingira ambayo bakteria wangeyachagua wenyewe. Kiini kikiwa ndani ya ganda la mbegu, hukioshi. Ujerumani mwaka 2011 watu zaidi ya 3,800 waliugua na zaidi ya 50 wakafa kwa aina kali ya bakteria aitwaye E. koli. Kwanza matango ya Uhispania yalilaumiwa, wakulima wa watu wakapata hasara, kisha ikabainika ni mbegu za uwatu zilizooteshwa. Hiyo ni nchi yenye maabara na friji kila nyumba. Ndengu zako otesha, kisha zichemshe au zikaange dakika chache. Bado ni tamu.

*Nyanya za soko letu huja na unga mweupe. Nikitia chumvi au siki kwenye maji ya kuoshea unatoka? Na je, Jik ya kufulia? Mimi ni mjamzito na tuna paka nyumbani.*
Dada wa Kakamega

Hongera, dada. Unga huo mara nyingi ni mabaki ya dawa ya ukungu. Ulioko juu unatoka kwa kusugua kwa mkono ndani ya maji, mwaga, rudia. Chumvi haiongezi kitu cha maana. Kuna dawa nyingine zinazoingia ndani ya tunda, na hizo hakuna beseni litakalozitoa. Hapo tunamtegemea mkulima asubiri siku zilizoandikwa kwenye kibandiko kabla ya kuvuna. Wengine hawasubiri bei ikipanda. Ukiona nyanya imepakwa kama ukuta, nunua nyingine.

Siki hupunguza vijidudu kiasi, lakini si mbadala wa maji salama. Jik siitaki kwenye chakula: nguvu yake inatofautiana, nyingine ina manukato, na watu hupima kwa jicho. Sabuni pia hapana. Tumia ile dawa ya klorini iliyotengenezwa kwa maji ya kunywa, kwa kipimo cha chupa yake, usubiri dakika 30, kisha uoshe mboga kwa maji hayo. Maji yakiwa na tope, yaache yatulie na uyachuje kwanza, la sivyo dawa inamalizwa na tope. Na ujue klorini haiui mayai ya minyoo. Hayo huondolewa kwa kusugua tu, na yana gundi, kwa hivyo usiogope kutumia nguvu.

Jambo dogo ambalo wengi hawalijui: nyanya iliyotoka juani usiitumbukize kwenye maji baridi sana. Hunyonya maji kupitia pale kikonyo kilipokuwa, na uchafu unaingia nayo. Imwagie maji, usiiloweke. Osha unapotaka kula, si kabla ya kuhifadhi.

Paka: kinyesi chao kinaweza kubeba kijidudu kiitwacho toksoplasma, ambacho kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kazi ya kuzoa mchanga wao mwachie baba mtoto. Ukiingia kwenye bustani vaa glavu. Kwa miezi hii iliyobaki acha saladi za hotelini. Karoti umenye mwenyewe, na kabichi uipike.

*Tunapokula nyama choma hapa mjini Nakuru, kachumbari huletwa juu ya ubao ule ule wa nyama. Nikiomba sahani marafiki hunicheka. Nimezidisha?*
Baba wa Nakuru

Hujazidisha. Ubao wenyewe si kosa. Ulizia kama umekatiwa nyama mbichi kabla ya kukatiwa iliyoiva, na kama kisu ni kimoja. Hoteli nzuri ina ubao wa mbichi nyuma karibu na bucha na mwingine wa mbele, na mkataji hatakasirika ukimwuliza. Kuku mbichi ndiye mbaya zaidi; majimaji yake yakigusa kitunguu, kitunguu hicho hakirudi motoni kujisafisha. Ubao wenye nyufa nyingi hauoshwi ukatakata kwa kupanguswa na kitambaa kile kile kilichopangusa meza.

Fanya hivi: agiza nyanya na vitunguu vizima, vioshwe, viletwe na kisu safi na sahani, mvikate wenyewe mezani. Hoteli kadhaa hapo mjini wanakubali bila shida, na wengine wanafurahi kwa sababu umewapunguzia kazi.